Shamba la Naboti na Visima vya Iraki

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, twasoma habari ya mtu mmoja aliyekuwa na shamba la mizabibu. Jina lake Naboti, na shamba lake lilikuwa Yezreeli, karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitamani. Hakuanza kwa ukali. Alianza kwa maneno matamu, akamwahidi Naboti shamba jingine lililo bora, au fedha taslimu kama apenda. Naboti akakataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na Mungu hakupenda urithi wa namna hiyo utupwe ovyo. Ahabu akarudi nyumbani kwa hasira, akajilaza kitandani, akageuza uso wake, asile chakula. Mfalme mzima, mwenye majumba na majeshi, akalala njaa kwa ajili ya bustani ya mboga!

Ndipo malkia Yezabeli alipolitwaa shauri lile mikononi mwake. Angalieni jinsi alivyolitenda. Hakutuma askari wamvizie Naboti usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee wa mji. Akaagiza itangazwe siku ya kufunga, watu wakusanyike, na mashahidi wawili wasimame kusema kwamba Naboti amemtukana Mungu na mfalme. Kila jambo likafanyika kwa taratibu zake: barua, muhuri, baraza, mashahidi, hata dini haikukosekana. Naboti akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe akafa. Naye Ahabu, alipoambiwa kwamba mwenye shamba hayupo tena, hakuuliza amekufa kifo gani. Alishuka tu, akalitwaa.

Ndugu wasomaji, habari hii haikuandikwa ili tujue mambo ya kale tu. Imeandikwa kwa sababu Ahabu huzaliwa upya kila kizazi, na kila kizazi Yezabeli hupata karatasi, wino na muhuri. Twataka leo kuitazama nchi moja ambayo kwa miaka zaidi ya mia imekuwa kama shamba la Naboti mbele ya macho ya wakubwa wa dunia. Nchi hiyo ni Iraki, iliyo kati ya mito Tigri na Eufrate. Ndiko ulikokuwa mji wa Uru, alikotoka baba yetu Abrahamu. Ndiko ulikokuwa Ninawi, alikotumwa nabii Yona. Chini ya udongo wake Mungu aliweka mafuta ya petroli kwa wingi mno. Utajiri ule ungeweza kuwa baraka kwa watoto wa nchi ile, lakini mara nyingi umewaletea kilio.

Tuanze na jambo linalotugusa sisi wenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1914, vita kuu vya kwanza vilipokuwa vimewaka, Waingereza walipeleka majeshi kwa meli kutoka Uhindi. Jeshi moja lilishuka Tanga, likapigana na Wajerumani tangu tarehe 2 hata tarehe 5, likashindwa. Jeshi jingine, lililoandaliwa vilevile katika Uhindi, lilishuka tarehe 6 mahali paitwapo Fao, penye mlango wa mto upitao Basra, katika nchi iliyokuwa ya Waturuki. Watu wa pwani yetu na watu wa Basra walisikia mizinga ya mfalme yule yule katika juma moja.

Kwa nini Basra? Ng'ambo ya mto, katika Uajemi, palikuwa na mtambo wa kusafishia mafuta huko Abadan. Mafuta ya Uajemi yaligunduliwa mwaka 1908, na mwaka ule ule wa 1914 serikali ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa kuliko nusu ya hisa za kampuni iliyoyachimba, kwa maana manowari zake zilikuwa zikiacha makaa ya mawe na kutumia mafuta. Jeshi likaendelea mbele, na Machi 1917 likaingia Baghdad. Mkuu wa jeshi lile, Jenerali Maude, aliwatangazia wenyeji kwamba hawakuja kama washindi wala adui, bali kama wakombozi. Tuyakumbuke maneno hayo, kwa maana tutayasikia tena.

Ilhali damu ilikuwa haijakauka, shamba lilikuwa limekwisha gawanywa mezani. Mwaka 1916 Waingereza na Wafaransa walipatana kwa siri jinsi ya kugawana nchi za Waturuki, na jimbo la Mosul likawekwa upande wa Wafaransa. Ilipojulikana zaidi kwamba Mosul yaweza kuwa na mafuta, mapatano yakageuzwa: Desemba 1918 Mosul ikaachiwa Waingereza. Kisha, Aprili 1920, katika mji wa San Remo, Wafaransa wakapewa kwa malipo robo ya mafuta, yaani ile sehemu iliyokuwa ya Wajerumani walioshindwa. Wenyeji wa Mosul hawakuulizwa neno.

Huko San Remo Iraki iliwekwa chini ya udhamini wa Uingereza kwa jina la Chama cha Mataifa, kama ilivyowekwa Tanganyika yetu. Mkataba wa Chama kile ulisema kwamba ustawi wa watu hao ni amana takatifu. Neno zuri! Lakini mwaka ule ule wa 1920 watu wa Iraki waliinuka kuukataa utawala huo, na uasi wao ukazimwa kwa askari na ndege, maelfu wakafa. Mwaka 1925 kampuni ya wageni ikapewa kibali cha kutafuta na kuchimba mafuta kwa miaka 75. Mapatano ya San Remo yalikuwa yamefungua njia serikali ya wenyeji ipate hata hisa 20 katika kila 100. Haikupewa hata moja. Iliahidiwa mrabaha tu, shilingi nne za dhahabu kwa kila tani. Oktoba 1927 kisima cha Baba Gurgur, karibu na Kirkuk, kikafumuka, mafuta yakaruka juu na kumwagika siku kadhaa. Mwaka uliofuata wakubwa wakakamilisha hesabu yao: Waingereza, Waholanzi pamoja na Waingereza, Wafaransa na Wamarekani wakapata kila kundi asilimia 23.75, na mfanyabiashara mmoja aliyewapatanisha akapata asilimia 5. Jumlisheni wenyewe, ndugu wasomaji. Ni mia kamili. Mwenye shamba hamo.

Je, haya hayafanani na barua za Yezabeli? Hakuna mahali ambapo wakubwa wale walisema, "Twaiba." Palikuwa na mikutano, palikuwa na mikataba, palikuwa na mihuri ya mataifa yenye heshima. Ndiyo sababu twasema kwamba wizi mkubwa kabisa duniani haufanywi gizani. Hufanywa mchana, mezani, kwa kalamu, na mara nyingi huitwa msaada.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili, kwa maana mhubiri anayewalaumu wageni peke yao huwapendeza wasikilizaji bila kuwaponya. Ahabu hakuwa mgeni katika Israeli. Alikuwa mfalme wa nchi ile ile, wa damu moja na Naboti.

Iraki ilipata uhuru mwaka 1932, ingawa mwaka 1941, Wajerumani walipotaka kujipatia rafiki Baghdad, jeshi la Waingereza lilirudi tena. Mwaka 1958 ufalme uliangushwa kwa umwagaji wa damu. Kisha wakubwa wapya wakashindana juu yake, Marekani upande huu na Urusi ya Kisovieti upande huu. Aprili 1972 Baghdad ilifunga mapatano ya urafiki na Moscow, na tarehe 1 Juni ya mwaka ule serikali ikaitaifisha kampuni kubwa ya mafuta. Hatimaye mwenye shamba alikuwa amerudishiwa shamba lake! Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, fedha ziliingia kama mvua ya masika, na nchi ikajenga shule na hospitali.

Nini kilifuata? Wenyeji walioushika utajiri ule waliutumia kujiimarisha wenyewe. Mwaka 1979 Saddam Hussein akawa rais, na wapinzani wake wakajua maana ya hofu. Septemba 1980 akaishambulia Uajemi, iitwayo Irani, vita vikaendelea miaka minane. Wakubwa waliokuwa maadui wao kwa wao wakamsaidia mtu mmoja: Urusi ya Kisovieti ilimwuzia silaha, Ufaransa ikamwuzia ndege, Marekani ikampatia habari za kijeshi na mikopo. Fahali walishindana, nyasi zikaumia, na wauza silaha wakashiba. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa na madeni mazito, naye Saddam akatazama uani kwa jirani. Tarehe 2 Agosti 1990 akaivamia Kuwaiti, nchi ndogo yenye visima vingi. Naboti wa jana akawa Ahabu wa leo. Alipofukuzwa na majeshi ya mataifa mwaka 1991, askari wake waliviwasha moto visima zaidi ya 600, mbingu ikawa nyeusi mchana.

Tufahamu basi somo hili. Tamaa haina rangi wala kabila. Kuonewa jana hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu leo. Kama moyo haukuponywa, aliyenyang'anywa hungoja tu siku yake ya kunyang'anya. Wahenga walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Wala hawakusema ni tamaa ya nani.

Sasa tufike mwaka 2003. Serikali za Marekani na Uingereza zilidai kwamba Iraki ina silaha za kuangamiza watu wengi, na kwamba hakuna budi kuivamia. Mataifa mengine makubwa, Ufaransa, Urusi na China, yalipinga katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nayo yasihesabiwe upesi kuwa malaika, kwa kuwa tangu mwaka 1997 kampuni za Kirusi na za Kichina zilikuwa na mikataba ya visima na serikali ya Saddam. Hatusemi kwamba mafuta peke yake ndiyo yaliyoleta vita vile. Wako walioamini kwa unyofu kwamba wanamwondoa mtu dhalimu, na kweli alikuwa dhalimu. Lakini twauliza: je, nchi ile ingalitazamwa kwa macho makali hivyo kama ingalitoa tende tu?

Kanisa halikunyamaza. Januari 2003 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia mabalozi wa mataifa kwamba vita si kitu kisichoepukika, na kwamba daima ni kushindwa kwa wanadamu. Februari alimtuma Kardinali Roger Etchegaray kwenda Baghdad. Machi alimtuma Kardinali Pio Laghi kwenda Washington. Aliwaonya pande zote mbili, na wakuu wa Iraki aliwaambia wazi kwamba wana wajibu wa kushirikiana na Umoja wa Mataifa. Kisha, Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, aliwaalika Wakristu wote kufunga na kusali kwa ajili ya amani. Angalieni, wapenzi wasomaji, tofauti iliyopo kati ya kufunga na kufunga. Yezabeli alitangaza siku ya kufunga ili mwenye shamba auawe. Papa alitangaza siku ya kufunga ili mwenye shamba aishi.

Hakusikilizwa. Tarehe 20 Machi vita vikaanza, na tarehe 9 Aprili Baghdad ikaanguka. Tukasikia tena yale maneno ya mwaka 1917, kwamba majeshi yamekuja kukomboa. Siku zile wezi waliingia katika Jumba la Makumbusho la taifa, wakachukua vitu vya maelfu ya miaka, ilhali wizara ya mafuta ililindwa na askari wenye vifaru. Silaha zilizotajwa zikatafutwa kila mahali. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani wenyewe wakatoa taarifa kwamba hawakukuta akiba yoyote ya silaha hizo. Mashahidi wawili walikuwa wamesimama mbele ya baraza, na ushuhuda wao haukuwa kweli. Mwaka 2009 visima vikubwa vya Rumaila, karibu na Basra, vikakabidhiwa kwa mkataba kampuni mbili: moja ya China, na moja ya Uingereza, mrithi wa ile ile iliyolindwa na jeshi la mwaka 1914.

Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba taifa laweza kujilinda kwa silaha, lakini kwa masharti magumu. Uovu wa mchokozi uwe mkubwa, wa kudumu na wa hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindikana. Pawe na tumaini la kweli la kufaulu. Tena vita visilete maovu makubwa kuliko yale yanayokusudiwa kuondolewa. Tuyapime mambo ya Iraki kwa kipimo hicho. Hatari iliyodaiwa haikuwa ya hakika. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa bado kazini. Na maovu yaliyofuata? Raia zaidi ya laki moja walikufa katika miaka iliyofuata, na askari wa Marekani karibu 4,500, nao ni watoto wa akina mama vilevile. Ndugu waliosali misikiti mbalimbali wakachinjana. Serikali ikadhoofika, na katika udhaifu ule wakazuka watu wa itikadi kali ambao Juni 2014 waliuteka mji wa Mosul.

Hapo, ndugu wasomaji, yatupasa kulia pamoja na wanaolia, kwa maana walioteswa humo ni jamaa zetu katika imani. Wakristu wa Iraki hawakubatizwa jana. Imani ilifika kwao katika karne za kwanza, na wengi wao wangali wanasali kwa lugha ya Kiaramu, iliyo jamaa ya lugha aliyoisema Bwana wetu Yezu Kristu nyumbani Nazareti. Mwaka 2007 Padre Ragheed Ganni aliuawa Mosul baada ya Misa, pamoja na mashemasi wadogo watatu. Mwaka 2008 Askofu Mkuu Paulos Faraj Rahho wa Mosul alitekwa nyara, akaonekana baadaye amekufa. Tarehe 31 Oktoba 2010, waamini walipokuwa katika Misa ndani ya kanisa la Bibi Yetu wa Wokovu, Baghdad, wauaji waliingia, na watu zaidi ya hamsini wakapoteza maisha, mapadre wawili wakiwa miongoni mwao. Kisha, Julai 2014, huko Mosul, nyumba za Wakristu zilipigwa alama ukutani: herufi moja ya Kiarabu, nuni, herufi ya kwanza ya neno Nasara, yaani wafuasi wa Mnazareti. Wakaambiwa waache dini yao, au walipe kodi ya kudhalilishwa, au waondoke, au wafe. Wakaondoka, wakiacha urithi wa baba zao. Agosti watu wa Qaraqosh nao wakakimbia usiku mmoja, mji mzima, wakibeba watoto migongoni.

Wala tusiseme kwamba ni Waislamu waliowatesa Wakristu, tukaishia hapo. Waislamu wengi kupita hesabu waliuawa na watu wale wale, na Wayazidi walitendwa mambo yasiyosemeka. Baba Mtakatifu Fransisko alipozuru Iraki Machi 2021, alikwenda Najaf kwa mzee Ayatollah Ali al-Sistani, akamshukuru kwa kuwa alipaza sauti kuwatetea wanyonge siku za mateso. Akafika Uru kwa Abrahamu, safari ambayo Yohane Paulo II aliitamani kwa ajili ya mwaka 2000 asiipate. Tarehe 7 Machi alisimama Mosul, katikati ya kuta za makanisa zilizobomoka, akawaombea wote waliouawa katika vita. Hakuuliza kwanza ni wa dini gani.

Pengine msomaji mmoja atauliza: "Mambo haya ya mbali yatuhusu nini sisi, tunaohangaika na ada ya shule na bei ya mbolea?" Twamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza. Mungu amegusa na udongo wetu. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mafuta yaligunduliwa Uganda karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na Turkana nchini Kenya mwaka 2012. Bomba la kilomita 1,443 limechorwa kutoka Hoima hata Chongoleani, Tanga, pwani ile ile walikoshuka askari wa mwaka 1914. Hatusemi hayo kuwatia watu hofu. Utajiri ni zawadi, na mtaguso wa pili wa Vatikano wafundisha kwamba Mungu aliiweka dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Lakini twawaambia wale watakaoshika kalamu kwa niaba yetu, na wengi wao ni watoto tuliowabatiza na kuwasomesha: kumbukeni ile hesabu ya 23.75 mara nne na 5 juu yake. Mkataba usiosomeka mbele ya wananchi una sababu ya kujificha. Nanyi wananchi, msikubali kugawanywa kwa ajili ya mataifa makubwa, huyu akishangilia Mashariki na huyu Magharibi, kama watu walio uwanjani kutazama mpira. Katika mashindano yale sisi si watazamaji. Sisi ndio uwanja.

La pili. Shamba la Naboti liko pia nyuma ya nyumba zetu. Mapadre wetu vijijini wanaijua habari hii. Mume amefariki, matanga hayajaisha, na shemeji amekwisha kuupima mpaka kwa macho. Barua zaandikwa, muhuri wapatikana, mashahidi wawili waletwa na kulipwa, na mama mjane aambiwa kwamba shamba alilolipalilia miaka ishirini halikuwa lake. Jumapili mashahidi wale wale wako kanisani, mstari wa mbele. Je, watu hao wana haki gani ya kuwalaani wakubwa wa dunia? Walichokosa ni meli na ndege tu. Moyo ni ule ule. Mungu alipotupa amri ya kumi, ya kutotamani mali ya wenzetu, alijua kwamba jeshi la uvamizi huandikishwa kwanza moyoni, nyumbani, mezani pa chakula. Mtoto anayemwona baba yake akisogeza mawe ya mpaka usiku hatahitaji shule nyingine ya kumfundisha siasa ya wanyang'anyi. Na mtoto anayemwona baba yake akimrudishia mjane haki yake, huyo amefundishwa amani kuliko kwa hotuba mia.

La tatu, nalo ni la tumaini. Habari ya Naboti haikuishia kaburini pake. Ahabu alipokuwa amesimama ndani ya shamba aliloliiba, Mungu alimtuma nabii Eliya, akamkuta pale pale, akamwuliza kama ameua na kurithi pia. Hilo ndilo swali ambalo Kanisa halina budi kuliuliza siku zote, mbele ya wafalme na mbele ya mashemeji. Mwenye kuliuliza huchukiwa. Ahabu alimwita Eliya adui yake. Lakini tazameni ajabu: Ahabu aliyasikia maneno yale, akararua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya kufunga katika mafundisho yetu ya leo, na pengine ndiyo inayotufaa zaidi: kufunga kwa mwenye kosa aliyetambua kosa lake. Mungu akaiona toba ile, wala hakuidharau, akaiahirisha adhabu. Kama Mungu alimtazama Ahabu kwa huruma, ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba amechelewa?

Basi, wazazi Wakristu, twawaomba jambo moja kwa juma hili. Jioni mnapokusanyika kusali Rozari, wasomeeni watoto sura ile ya 21, polepole, mpaka mwisho. Kisha kila mtu ajiulize kimya kama kuna kitu nyumbani mwake kilicho cha mwingine: ardhi, mshahara wa kibarua, urithi wa yatima, jina jema la jirani. Kikiwapo, kirudishwe kabla ya Jumapili. Halafu waombeeni kwa majina yao watu wa Mosul, wa Qaraqosh, wa Basra na wa Baghdad, Wakristu na Waislamu, pamoja na askari wote waliotumwa mbali kufa kwa ajili ya mambo waliyofichwa. Waombeeni na wakubwa wa mataifa, kwa maana nao wana roho, na siku moja watasimama peke yao, bila muhuri, mbele ya Mwenye shamba lote.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.